Kila mwaka tunapanda miche, mbona kivuli hakiongezeki?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Dodoma. Kila msimu wa mvua tunaletewa miche, wananchi wanajitokeza, tunapanda kandokando ya barabara. Ikifika Septemba mingi imekauka. Sasa tumeombwa kuandaa mpango wa miaka 10 wa kuongeza asilimia ya kivuli cha miti mtaani. Asilimia hiyo inapimwaje? Tupande miti gani, na tuombe miche mingapi?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Kabla ya kuomba mche hata mmoja, piga hesabu ya maji mtakayokuwa nayo mwezi wa Agosti.

Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa Januari unakabiliwa na kiangazi cha miezi saba kabla mizizi yake haijaufikia unyevu wa chini. Kipindi hicho chote unahitaji walau ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, imwagwe taratibu kwa mara moja ili maji yazame. Kikombe kimoja kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki juu hukohuko kwenye joto. Huduma hiyo inatakiwa pia kiangazi cha pili. Sasa zidisha: miche 400 inataka lita 8,000 kila wiki, yaani boza zima. Kama hakuna anayelilipia boza hilo, miche hiyo imeshakufa siku ya kupandwa. Mtaa wenye uhakika wa ndoo 60 kwa wiki uombe miche 60, na nitakutetea mbele ya yeyote atakayesema ni michache.

Najua shinikizo linatoka wapi. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Dodoma ina kampeni yake ya kuukijanisha mji tangu 2017. Nia ni njema kabisa. Shida ni kwamba taarifa hujazwa siku ya kupanda, wakati kivuli huja miaka mingi baadaye. Freetown, Sierra Leone, walilifikiria jambo hili vizuri. Mwaka 2020, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, walianza mradi wa kupanda miti milioni moja ambamo kila mti una kumbukumbu yake kwenye simu. Vikundi vya wananchi hurudi kuupiga picha, na malipo yao hutegemea mti ulio hai. Nanyi mnaweza kuiga hilo kwa daftari tu: namba ya mti, nyumba inayoutunza, hali yake kila baada ya miezi mitatu, na posho ndogo kwa kijana anayezunguka na toroli la maji.

Kuhusu kipimo: asilimia ya kivuli ni sehemu ya ardhi ya mtaa ambayo ukiitazama kutoka angani unaona majani ya miti badala ya bati, lami au udongo. Kuna programu ya bure, i-Tree Canopy, iliyotengenezwa na Huduma ya Misitu ya Marekani na washirika wake. Unachora mpaka wa mtaa juu ya picha ya satelaiti, programu inadondosha nukta ovyo ovyo, nawe unaijibu kila nukta: mti au si mti. Kijana anayejua kompyuta anamaliza nukta 500 kwa siku moja. Ila soma matokeo kwa uangalifu. Nukta 50 kati ya 500 zikiangukia miti, umepata asilimia 10, lakini ukweli uko mahali fulani kati ya 7 na 13. Kwa hiyo usipime kila mwaka ukitafuta ongezeko la asilimia moja, hutaliona. Pima sasa, pima baada ya miaka mitano, kisha ule wa kumi.

Na lengo liwe la kweli. Jiji la Melbourne, Australia, mwaka 2012 lilijiwekea lengo la kutoka asilimia 22 hadi 40 katika maeneo yake ya umma ifikapo 2040. Hizo ni pointi 18 kwa miaka 28, kwenye jiji lenye bajeti na mafundi wa miti. Mtaa wenu ukipanda pointi tatu au nne ndani ya miaka 10, mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

Hapo ndipo ninapotaka uniamini juu ya jambo ambalo mipango mingi hulisahau: miti mikubwa mliyonayo. Mti wenye taji (yaani mwavuli wa matawi na majani) la upana wa mita 10 unafunika karibu mita za mraba 78. Mti mchanga wa taji la mita 2 unafunika mita za mraba 3 tu. Ukikata mwembe mmoja kwa sababu ya ukuta, unahitaji miti michanga 25, na yote ipone, ili urudi pale ulipokuwa. Nenda Tabora au Ujiji ukaone miembe inayonasibishwa na enzi za misafara, namna watu wanavyofanyia biashara chini yake hadi leo. Orodhesheni miti yenu mikubwa yote. Mafundi wa bomba wakija, wasichimbe mtaro karibu na shina, maana mizizi mingi hukaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo na husambaa kupita ncha za matawi. Wa umeme wakija, ombeni wapogoe tawi kwa tawi, wasiukate mti kichwa. Na saruji isikumbatie shina.

Miti gani? Mwarobaini unastahimili Dodoma kuliko karibu wote, na ndiyo maana umejaa kila kona. Hapo pana hatari. Kuna kanuni ya mtaalamu Frank Santamour ya mwaka 1990: aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji. Wamarekani walipanda miti ya jamii ya ash barabara nzima nzima, na mdudu aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameiua mamilioni kwa mamilioni. Changanyeni na mkwaju na migunga ya kienyeji, ambayo huchelewa lakini haikuangushi. Chini ya nyaya za umeme wekeni miti mifupi kama mpera au mkomamanga. Mkrismasi, ule wa maua mekundu, ni mzuri, lakini uwe mbali na lami na kuta kwa sababu ya mizizi yake ya juu. Watu wapeni miche ya miembe wapande uani kwao. Nafasi kubwa ya mtaa iko ndani ya nyua, na mti wa matunda haukosi wa kuumwagilia.

Mkipanda, shimo liwe sentimita 60 kila upande, na mkikuta tabaka gumu chini, livunjeni kwa sururu. Chana kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) chote, utazame mizizi: ikiwa imejizungusha kama kamba, ikate pembeni kwa kisu kikali, la sivyo itaendelea kujizungusha na kuunyonga mti miaka ijayo. Tengeneza kisahani kipana cha kukinga maji ya mvua, tandaza nyasi kavu lakini ziache kiganja kimoja kutoka shinani, maana mchwa hupitia humo. Kwa mbuzi, boma la miiba linatosha.

Kwenye taarifa yenu kwa kata, hesabuni miche iliyo hai mwishoni mwa Novemba, kabla mvua haijaanza, na idadi hiyo ndiyo iandikwe.