Maswali ya Wasomaji: Mtaro Huu Ni wa Nani?

SWALI: Mtaro wa mtaani kwetu una upana wa sentimeta 60 na kina hichohicho. Kila masika unafurika na maji yanaingia vyumbani. Halmashauri tumekwenda mara tatu, tunaambiwa hawahusiki. Tuanzie wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Mlichoambiwa kina ukweli, lakini aliyewaambia alipaswa kuwaonyesha mlango wa pili. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Taka zinazotupwa mtaroni, na kumchukulia hatua anayezitupa, bado ni kazi ya halmashauri. Kwa hiyo ukuta wa mtaro ukibomoka, barua iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Mtaro ukijaa viroba vya taka, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Yakiwapo yote mawili, andikeni barua moja kwa wote wawili, ili kila mmoja aone kuwa mwenzake naye ameandikiwa. Ipitisheni kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kabla ya kuandika, pimeni. Barua isemayo "mtaro umeziba" haimsaidii mhandisi kukadiria kazi. Chukueni fimbo yenye alama, mpime kina cha mchanga kila baada ya mita 10. Tuseme mmekuta sentimeta 20 kwa urefu wa mita 100: hizo ni mita za ujazo 12, yaani safari mbili za lori la mita za ujazo 6, na theluthi moja ya nafasi ya maji imepotea. Gharama ya kuzoa isemwe mapema. Mara nyingi mchanga hutolewa na kuachwa ukingoni, na mvua ya kwanza huurudisha ulikotoka.

Kisha angalieni mtaro unaanza kujaa wapi. Ukijaa kuanzia kwenye kalavati (bomba linalopitisha maji chini ya barabara) kurudi nyuma, kalavati ndiyo tatizo. Mtaro wenu una nafasi ya mita ya mraba 0.36, bomba la kipenyo cha sentimeta 45 lina 0.16 tu, chini ya nusu. Maji yakifika hapo hupunguza mwendo, na maji yaliyopunguza mwendo hutua mchanga. Vidaraja tunavyojenga mbele ya mageti kwa mabomba membamba huleta madhara yaleyale, na hili lisemwe kwenye mkutano wa mtaa bila kuoneana haya.

Kama mchanga umelala katikati pasipo na kizuizi, shaka iende kwenye mteremko. Fundi mwashi mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa ataupima kwa asubuhi moja. Mtaro uliosakafiwa unahitaji kushuka walau milimita 5 kwa kila mita, sawa na sentimeta 50 kwa mita 100. Pakiwa tambarare, kuzibua ni kazi ya kurudia kila mwaka mpaka sakafu ijengwe upya. Semeni hivyo kwenye barua.

Mkiomba mifuniko, ombeni ya zege lenye nondo, kwa kuwa ya chuma huibwa. Lakini angalieni uzito. Mfuniko wa mita 1 kwa sentimeta 80, unene sentimeta 10, una karibu kilo 190. Hakuna atakayeuinua siku ya kusafisha, na mtaro utajaa chini yake pasipo mtu kuona. Ukikatwa nusu, watu wawili wanauweza. Iwekwe pia matundu ya kuunyanyulia.

Neno la mwisho hapa ni muda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Barua ya Aprili, maji yakiwa sebuleni, hukuta fedha zimeshapangwa. Pelekeni vipimo wakati wa vuli.

SWALI: Tunalipa ada ya taka kila mwezi lakini gari linapita linapotaka. Je, tunaweza kugoma kulipa?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Usigome, mama; deni litabaki kwako na hoja yako itadhoofika. Ada hii hutozwa kwa sheria ndogo ya halmashauri. Omba kuiona ofisi ya kata, hakikisha mmewekwa kundi la makazi, si la biashara. Lipa kwa kontroo namba au upewe risiti ya mashine, kamwe si ya kuandikwa kwa mkono. Kisha, kwa wiki sita, kaya kumi za jirani ziandike tarehe ambazo gari halikuja. Orodha hiyo ipelekeni kwa mtendaji na afisa afya wa kata, mkiomba ilinganishwe na ratiba iliyomo kwenye mkataba wa mzabuni anayezoa taka.

Msidhani wakazi hawasikilizwi. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walifungua kesi mwaka 1988 kupinga dampo lililokuwa likiwafukizia moshi, na Mahakama Kuu ilikataa kuendelea kuiongezea halmashauri muda wa kulitumia, ikitaja haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba.

SWALI: Mimi ni mpangaji. Kwa nini LUKU yangu inakatwa kodi ya jengo?
Mpangaji

JIBU: Kodi hii hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ni deni la mwenye nyumba. Tunza risiti za umeme, mkubaliane naye apunguze fedha hizo kwenye kodi ya pango. Usiponunua umeme miezi mitatu, siku ya kununua utakatwa 4,500 kwa pamoja. Nyumba ikiwa na mita kadhaa na zote zinakatwa, mwenye nyumba apeleke namba za mita hizo kwenye ofisi inayosimamia kodi ya jengo, ibaki moja.