Maswali na Majibu: Sungura Aliyetelekezwa na Safari ya Kuitafuta Asili Yake

Tangu kaskazi ilipoanza kukolea nimepokea barua kadhaa kuhusu sungura waliookotwa wakiwa hoi katika mitaa yetu ya Mombasa. Nimechagua tano, nami nazijibu moja baada ya nyingine.

Nimemchukua sungura aliyeachwa ndani ya tundu la waya, uani mwa nyumba iliyohamwa. Amekonda hadi uti wa mgongo unahesabika kwa vidole. Nimpe nini kwanza? – Mama wa watoto wawili, Tudor

Mama, kabla ya chakula mpe kivuli na maji. Sungura hapoi kwa jasho kama sisi. Joto la mwili wake hutokea zaidi masikioni, na hewa ikizidi nyuzi 30 huanza kutaabika, nasi twajua jinsi mchana wa Februari na Machi unavyovuka kiwango hicho hapa kwetu. Muweke penye upepo, mbali na ukuta wa mabati, na umtilie kando chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa ili aiegemee akitaka. Maji ya kunywa yawe ndani ya bakuli zito la udongo ambalo hataweza kulipindua.

Katika chakula, huruma yetu ndiyo inayoweza kumuua. Mnyama aliyekaa na njaa akijazwa wali, mkate au ugali, tumbo lake huvurugika kwa saa chache, kwa kuwa matumbo ya sungura huendeshwa na nyuzinyuzi. Awe na nyasi kavu mbele yake usiku na mchana, kisha uongeze ukoka mbichi uliokatwa mahali pasipopita mbwa, na majani machache ya dania au ya karoti. Kisamvu kibichi usimpe kabisa, kwa kuwa kina sumu. Tazama pia kinyesi chake: vidonge vikubwa, vikavu na vya mviringo ni dalili njema. Zikipita saa 12 bila ya kula wala kutoa kinyesi, usingoje kesho. Mtafute daktari wa mifugo usiku huo huo. Na ukimwona anakiendea chakula kwa hamu kisha anakiangusha, mwambie daktari amtazame meno, kwa sababu meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yule aliyenyimwa nyasi za kutafuna hayapati cha kuyasaga.

Nimempokea sungura kutoka kwa mtu aliyemwokota karibu na barabara ya Kisauni. Nitaijuaje asili yake, na je, kuna haja ya kuijua? – Mwanafunzi, Kisauni

Mwanangu, haja ipo, na ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Anza na mwili wake, kwa sababu umebeba mengi ambayo hakuna mtu atakayekueleza. Mgeuze nyayo uzitazame: manyoya yaliyong'oka na vidonda visigino ni alama ya aliyekaa muda mrefu juu ya sakafu ya waya au ya mkojo. Kucha zilizojipinda zinaonyesha kuwa kwa miezi mingi hakuna aliyemshika kumhudumia. Manyoya ya njano sehemu za nyuma ni ya aliyelala kwenye uchafu wake. Chuchu zilizovimba au kulegea, pamoja na manyoya yaliyong'olewa tumboni, huenda zikawa za mama aliyezaa karibuni, na hapo jambo linakuwa la dharura kwa sababu huenda pana watoto mahali fulani wanaomngoja.

Umbo nalo husema. Mweupe mwenye macho mekundu, wa kilo nne hadi tano, yaelekea ni wa mbegu ya New Zealand. Mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi ni California. Hawa hufugwa sana nchini kwa nyama, basi mwanzo wake huenda ulikuwa bandani kwa mfugaji. Mdogo wa kilo mbili hivi, mwenye mkanda mweupe mabegani, ni wa mbegu ya Dutch, ambayo watu wengi huipendea uzuri wake. Kisha subiri giza liingie, uweke tochi nyuma ya kila sikio: wafugaji wa mbegu huchanja nambari kwa wino ndani ya sikio, na wino uliofifia huonekana mwanga unapopenya.

Baada ya mwili, waendee watu. Muulize mlinzi wa mtaa, mwenye agroveti anayeuza chakula cha mifugo, na wauza kuku wa Kongowea, kwa kuwa mwenye kuuza kuku hai mara nyingi anamjua mwenye kuuza sungura. Uliza kwa upole, bila ya kumshuku mtu, nawe utake kujua mambo manne: walikuwa wangapi, dume alikuwa nao, walikula nini, na walipewa dawa gani. Swali la dume lisikuponyoke. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na jike aweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa. Kwa hiyo, ukijua siku aliyotenganishwa na dume, utajua ni lini uache kumwekea kisanduku cha kuzalia.

Sungura wa kwanza niliyempokea mimi alikuwa California, na tochi ilinionyesha tarakimu tatu sikioni. Tarakimu hizo hazikunifikisha popote. Aliyenifikisha ni seremala mmoja aliyelitazama tundu lililookotwa pamoja naye akatambua komeo alilolichonga kwa mkono wake, akanitajia nyumba aliyoliuzia. Katika stoo ya nyumba hiyo niliwakuta wengine wanne gizani, mmoja wao hawezi tena kusimama. Tangu siku hiyo sijapata kumpokea sungura nikaacha kuuliza alikotoka.

Jirani yangu asema huyu ni sungura wa porini, nimrudishe kwenye vichaka vya kule Nguuni. – Mzee wa Mji wa Kale

Hapana, mzee wangu, tafadhali usifanye hivyo. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno. Yule wa nyikani kwetu, mjanja wa ngano za bibi zetu, ni kiumbe mwingine: huzaa juu ya ardhi watoto wenye manyoya na macho wazi, ilhali wa kufugwa huzaliwa uchi na vipofu. Ukimwachilia huyo wako, hatajua pa kujificha, na pengine hatafika asubuhi.

Masikio yake yamejaa magaga ya kahawia. Nimeshauriwa nimpake mafuta ya taa, au nimtilie dawa ya viroboto ya mbwa wangu. – Msomaji, Likoni

Yote mawili yana madhara. Magaga hayo kwa kawaida ni kazi ya utitiri, nayo usiyabandue, kwa sababu chini yake ni nyama mbichi. Dawa ikimwingia huanguka yenyewe. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na dawa za mbwa zenye fipronili zimewaua sungura wengi. Daktari atamchoma sindano ya ivamektini kwa kipimo cha uzito wake na kuirudia baada ya wiki mbili hivi. Mkumbushe pia kwamba penisilini na amoksilini za kunywa humdhuru sungura, kwani huua vijidudu vyema vya tumboni. Na wewe unawe mikono, kwa kuwa upele wa aina nyingine huweza kumwasha binadamu.

Tumempata mwenyewe. Anamtaka sungura wake, nami sitaki kumrudisha. Sheria yasemaje? – Bi. wa Bamburi

Bi., Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kuwa ni kosa mwenye mnyama kumnyima chakula na maji, au kumtelekeza bila ya sababu ya maana. Hata hivyo, kumzuia mnyama wa mtu kwa uamuzi wako peke yako si njia salama. Piga picha zenye tarehe, mwombe daktari aandike hali aliyomkuta nayo na uzito wake, kisha upeleke taarifa polisi au kwa chama cha kutetea wanyama.

Lakini kabla ya hayo kaa naye, umsikilize. Wapo waliougua, wapo waliofiwa, wapo walioingizwa katika ufugaji kwa ahadi za soko ambalo halikutokea, wakabaki na matundu yaliyojaa na mfuko mtupu. Mtu kama huyo mara nyingi hukubali kumwachia mnyama, na maandishi mafupi yenye sahihi yenu wawili yatatosha. Akikubali, mshukuru, kisha umwombe akupeleke uani uhesabu matundu.