Binti kapata kazi mjini: maswali yenu wiki hii

Shikamoo mwandishi. Kuna mama wa Dar anataka kumchukua binti yangu wa miaka 15 akafanye kazi za ndani. Nauli analipa yeye, na sisi wazazi tumekubali. Kosa liko wapi? (Mama, Mpwapwa)

Marahaba. Nauli haina shida, shida ni anakwenda kufanyishwa nini. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18: anayemchukua ili amtumikishe au amuuze kwa wanaume ana kosa, hata kama hakumdanganya, na ridhaa ya wazazi haimwokoi. Wapo mabinti walioaga kwao wakiwa dada wa kazi, wakaishia chumba cha nyuma ya baa. Mwambie huyo mama ataje mtaa, mshahara na namba ya mwajiri, mbele ya mtendaji wa kijiji. Akianza kuwa na haraka, umeshapata jibu. Na akimwambia binti azime simu wakifika stendi ya Nane Nane, Dodoma, asipande basi.

Mbona hao wanaochukua mabinti hawavuki mpaka, bado ni usafirishaji haramu? (Singida)

Si lazima wavuke. Singida hadi Dodoma inatosha.

Wakikamatwa si wanalipa faini tu, kesho wako mtaani? (Bodaboda, Area C)

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ilimruhusu hakimu kuchagua faini ya shilingi milioni 5 hadi 100 badala ya jela, na kwa dalali mzoefu hiyo milioni 5 ni gharama ya biashara. Mwaka 2022 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilifuta faini ya kukwepea kifungo. Sawa kabisa. Lakini kesi inasimama kwa shahidi, na shahidi ni binti aliyekwisha kurudishwa kijijini, hana nauli ya kuja mahakamani. Hapo ndipo ningetaka bajeti ielekezwe.

Kwa nini wanakamatwa dada poa, wateja wanaenda zao? (Kongwa)

Sweden iligeuza mambo mwaka 1999: kununua ngono ni kosa, kuuza si kosa. Ufaransa ikafuata 2016. Itifaki ya Palermo, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo Tanzania iliiridhia 2006, nayo inazitaka nchi zipunguze uhitaji wa wateja. Misako yetu bado inamkimbiza anayeuzwa.

Nikiona kitu, nimpigie nani? (Kondakta)

Kama ni mtoto, 116, bure. Au Dawati la Jinsia na Watoto, kituo chochote cha polisi kilicho nalo. Taja namba ya basi, kiti, na wanakoshukia.