Mpwa wangu, hoteli ile sikuilipia

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeusoma, na maneno ya shangazi zako kwenye grupu la ukoo nimeyasoma pia. Eti mjomba analipwa kutembea, leo Lisbon, kesho Naples, sasa anashindwaje kutoa hela ya bati? Na wewe unataka kuacha ualimu uje Berlin uwe mwandishi wa safari kama mimi. Haya, sikiliza.

Ile hoteli yenye bwawa juu ya paa mliyoiona kwenye picha yangu, walioilipia ni watu wa utalii wa kule. Wanatualika waandishi ili mji wao uandikwe. Tiketi juu yao, chumba juu yao, chakula juu yao, pesa mkononi hakuna. Siku niliyopiga picha ile, kadi yangu ilikuwa imegoma kununua kahawa stesheni. Hiyo sikuipiga picha.

Mwandishi asiye na mwajiri hulipwa hivi. Unampelekea mhariri wazo, na wengi hawajibu hata hapana. Akikubali unaandika, anarudisha, unaandika tena, kisha makala inakaa. Magazeti mengi hulipa makala ikishachapishwa, si ikipokelewa, na habari ya kiangazi wanaweza kuilaza hadi kiangazi kingine. Ikitoka unatuma ankara, nayo ina siku 30 zake, na mhasibu ana likizo yake. Wewe mtoto wa Lindi hili hulihitaji kufundishwa: korosho umeshapeleka ghalani, stakabadhi unayo mfukoni, mnada haujaitwa, na mwenye duka anadai. Afadhali korosho, isiponunuliwa inabaki korosho. Makala ikikataliwa dakika za mwisho unapewa robo ya bei, pengine hata hiyo hakuna.

Ndiyo maana usiku napanga vifurushi kwenye ghala moja nje ya mji. Mama yako hajui. Pesa ya matibabu ya bibi ilitoka kwenye vifurushi. Ninajua kwetu mjomba ndiye wa kuulizwa, sikimbii hilo, ila mnaponisifia kalamu mbele za watu nasikia aibu.

Halafu pasipoti. Kibali changu cha Ujerumani kinaniruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazoingilika kwa viza moja, siku 90 katika kila siku 180. Uingereza haimo. Mhariri akitaka mtu wa kwenda Edinburgh Jumatatu, mwenzangu Mjerumani anafunga begi, mimi naanza kujaza fomu za viza. Kazi imekwenda. Na wewe ukiomba viza ya matembezi tu ya Schengen ni euro 90, ukinyimwa hazirudi.

Kwa hiyo usije. Mshahara wa serikali unaingia hata mwezi ambao hukuandika kitu.

Lakini andika! Yale uliyoniandikia kuhusu kivuko cha Kitunda na akina mama wenye ndoo za pweza, nimeyasoma na kuyarudia. Huku Ujerumani, Lindi inajulikana kwa jambo moja, mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Mifupa yake ipo hapa Berlin, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, kimo chake kinapita mita 13. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na waliobeba mizigo ile kwa miguu hadi pwani ni babu zetu. Nimemwandika mjusi mpaka nimemchoka, kwa kuwa analipa. (Yeye kibali cha kuishi hajawahi kuulizwa.) Kitunda siwezi kuiandika, hata nauli siijui tena. Wewe unaijua.

Ukipata nafasi ya masomo yenye pesa ya kujikimu, njoo, tena njoo haraka, godoro litapata pa kulala. Bila hiyo, nimeshasema.

Nitumie ile ya Kitunda. Weka nauli, weka majina ya samaki, machweo yatoe. Hela ya bati nitatuma ankara ya Lisbon ikilipwa. Mvua zikitangulia, itatoka kwenye vifurushi, nawe mwambie mama yako makala imelipwa.