Wito ni wako, lakini karo za dada zako je?

Maswali ya wasomaji: Imani na Vijana

SWALI

Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Busia huku upande wa Uganda, nafanya kazi kwa kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani hapa mpakani, siyo kazi kubwa lakini mshahara unaingia kila mwezi. Kanisani mimi ndio kiongozi wa vijana tangu nimalize diploma, na kusema kweli roho yangu iko hapo, nikisimama kufundisha Neno nasikia kabisa hii ndio kitu niliumbiwa. Sasa juzi walikuja watu wa huduma fulani ya vijana wakahubiri kwenye kongamano letu, baadaye wakaniita kando wakasema wameona mkono wa Mungu juu yangu, wanataka niende nao Yumbe, huko kaskazini mwa Uganda, kufanya kazi na vijana wakimbizi kwenye kambi ya Bidi Bidi, fultaimu, miaka miwili. Mshahara hakuna, kila mtu anaishi kwa imani. Mwalimu nililia, maana nilikuwa nimeomba kitu kama hicho.

Shida ni nyumbani. Baba alishafariki, mimi ndio mtoto wa kwanza na dada zangu wawili nawalipia mimi, mmoja yuko S.4, yaani kidato cha nne, anafanya mtihani mwaka huu, mwingine S.2. Mama anauza samaki na nyanya sokoni, peke yake hawezi. Nilipomweleza kiongozi wa ile huduma alinifungulia Luka 9:62, ukishika jembe ukaangalia nyuma hufai kwa ufalme wa Mungu, akasema shetani hupenda kutumia familia kuzuia wito. Mama naye aliposikia alinyamaza, halafu akasema kama ni Mungu ameita basi atauza ile ploti baba alituachia. Nikienda nimewatupa, nikibaki nimemkatalia Mungu. Nisaidie.
– Kijana wa Busia

JIBU

Bwana asifiwe sana kijana wangu. Nianze na hiyo ploti, isiuzwe. Hata kama hutasoma kitu kingine hapa shika hilo kwanza, mwambie mama leo jioni akae na ardhi yake, hati aiweke mahali salama.

Sababu yangu iko kwenye 2 Samweli 24. Daudi alitaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna, na Arauna akamwambia mfalme chukua tu bure, uwanja huu, ng'ombe hawa, kuni hizi, zote chukua. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, akasema hawezi kumtolea Mungu sadaka ambayo yeye hajaigharimia. Sasa angalia mambo yako. Mama akiuza ploti, dada yako wa S.2 akikaa nyumbani, wewe ukaenda Yumbe, nani hapo ametoa sadaka? Wewe umepata kitu ulichokuwa unakililia, wao ndio wamelipa. Wewe una wito, sibishi, lakini dada yako wa S.2 hakuna mtu alimwita mbele akamuuliza kama yuko tayari kutoa shule yake kwa ajili ya Bidi Bidi.

Na Yesu alishawahi kukutana na hii tabia, soma Marko 7 kuanzia mstari wa 9. Walikuwepo watu wa dini waliokuwa wanasema mali yangu nimeshaiweka wakfu kwa Mungu kwa hiyo baba na mama hawawezi kupata kitu, na kila mtu akawaona wa kiroho sana, Yesu akawaambia mnatangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Halafu Paulo anamwandikia Timotheo, kijana mwenzako huyo, mhudumu, anamwambia mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Haya maneno ni mazito na hayahubiriwi sana kwenye makongamano, sijui kwa nini tunayaruka.

Lakini Luka 9:62 nayo iko na sitaki kuilainisha. Yesu alisema vile na alimaanisha, kuna watu walitaka kumfuata na visingizio mkononi akawakatalia. Ila huyo aliyesema ndiye yule yule aliyekuwa msalabani, mwili umechanika, akamtafuta Yohana kwa macho akamkabidhi mama yake, na tangu saa ile Yohana akamchukua nyumbani kwake. Ndiye aliyewaita Yakobo na Yohana wakamwacha baba yao kwenye mashua, lakini Marko hasahau kuandika kwamba Zebedayo alibaki na watu wa mshahara, yaani mzee hakuachwa peke yake na nyavu. Elisha naye aliomba akambusu baba yake na mama yake kwanza, Eliya akamruhusu, akachinja ng'ombe wake wa kulimia akawalisha watu ndio akaondoka. Hayo maneno ya jembe ni ya Yesu kumwambia mtu anayemwita yeye mwenyewe. Kiongozi wa huduma kuyachukua kutafutia wafanyakazi wa bure, na kumwita mjane anayeuza nyanya ili watoto wasome kwamba ni chombo cha shetani, hapana. Mimi hilo limenikasirisha na nasema wazi.

Sasa usije ukadhani nakwambia kaa na mshahara wako, oa, nenepa, kila Jumapili utoe sadaka basi. Wito una bei. Unamjua Apolo Kivebulaya? Muganda, alibatizwa mwaka 1895, mwaka uliofuata alivuka milima ya Ruwenzori mpaka Boga ambayo leo ni Kongo, nchi ambayo siyo yake, lugha siyo yake. Kule alipigwa, akasingiziwa kesi, akafungwa, alipotoka akarudi tena kwa watu wale wale, na Tabaro, chifu aliyekuwa anamtesa, mwishoni akaamini. Alifia Boga mwaka 1933, na kaburi lake liko huko huko. Huyo alitoa. Alitoa mgongo wake na ujana wake na kwao. Na kitu kingine kuhusu Apolo, hakujituma, kanisa ndilo lilimtuma, alikuwa na watu nyuma yake waliojua yuko wapi na wanamwombea kwa jina.

Hapo ndio nataka tukae kidogo maana kwenye barua yako yote kanisa lako silioni. Umesema huduma imesema, mama amesema, wewe umelia, mchungaji wako amesema nini? Wazee? Kule Antiokia, Matendo 13, Roho alisema nitengeeni Barnaba na Sauli, na aliwaambia kanisa wakiwa wanafunga na kuomba pamoja, hakumvuta Sauli kando baada ya kongamano. Kanisa likaweka mikono likawaacha waende. Na hilo la kuishi kwa imani, mimi naliamini kabisa lakini soma Matendo 18. Paulo alifika Korintho akashona mahema na Akila na Prisila, anafanya kazi wiki nzima, Sabato yuko sinagogi anahojiana na watu. Ni mpaka Sila na Timotheo walipokuja kutoka Makedonia ndio tunamwona amezama kwenye Neno, na 2 Wakorintho 11:9 anasema ndugu wa Makedonia ndio walimtimizia mahitaji. Kwa hiyo fultaimu yake ilikuwa na watu waliotoa mfukoni. Kama kanisa lenu Busia linashangilia kijana wao anaenda misheni, haya, lishangilie na mobile money pia, lichukue karo za huyo wa S.2 kwa miaka hiyo miwili. Nenda kaseme hivyo mbele ya wazee bila aibu. Wakikubali utakuwa umepata jibu kubwa, na wakiguna utakuwa umejua wanaokupigia makofi wako tayari kwa umbali gani.

Kuna vijana wengi pia wananitajia mashahidi wa Namugongo, wale Wakristo wa Buganda waliouawa kwa ajili ya imani, ati wale waliacha yote na mimi naacha kazi. Jamani tusome vizuri. Wengi wa wale waliochomwa tarehe 3 Juni 1886 walikuwa vijana wa kazi ndani ya ikulu ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, Kizito alikuwa na kama miaka 14 hivi. Andrea Kaggwa aliyeuawa siku chache kabla yao alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Walikuwa kazini! Walifundishana dini huko huko ikulu, usiku, kwa siri, na walipoambiwa wachague kati ya Kabaka na Kristo wakachagua na wakalipa wao wenyewe kwa miili yao. Hakuna aliyelipiwa na mdogo wake. Kwa hiyo hapo mpakani ulipo, na madereva wa malori wanaolala foleni, na watoto wanaovusha magendo badala ya kwenda shule, usidhani Mungu anakungojea Yumbe peke yake.

Kuhusu Bidi Bidi yenyewe. Ile kambi ilifunguliwa 2016, wengi wametoka Sudan Kusini, ilifika watu zaidi ya laki mbili na nusu, na watoto na vijana ndio wengi. Kazi ipo, tena kubwa. Ila wale vijana wameshaachwa na watu wengi sana, wazazi wamekufa au wamepotea njiani, mashirika yamekuja yakaondoka pesa ilipoisha. Kijana anayekuja na gitaa akawazoesha miezi minne halafu akapotea kwa sababu nyumbani wamepiga simu dada amefukuzwa shule, huyo anawaongezea kidonda. Ndio maana nataka ukienda uende umesimama.

Kwa hiyo waulize hao watu wa huduma, na uwaulize kwa heshima lakini uandike majibu. Wana ruhusa ya ofisi ya Waziri Mkuu kufanya kazi ndani ya makazi ya wakimbizi? Utalala wapi, ukishikwa na malaria nani analipa? Pesa ya huduma iko kwenye akaunti ya nani, inasainiwa na wangapi? Huyo kiongozi anajibu kwa nani, kuna bodi, kuna kanisa juu yake? Yeye mwenyewe anaishi kwa imani ile ile au ana posho? Ongea pia na kijana aliyewahi kutumika nao akatoka, siyo yule waliyekuletea wao. Mtu wa Mungu hakasiriki kwa maswali kama haya, Yesu mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama.

Na mimi ningefanya hivi. Mwaka huu dada wa S.4 amalize, mitihani ya taifa (UNEB) inaisha Novemba, usimwondolee utulivu sasa. Omba likizo kazini, Desemba na Januari nenda Yumbe wiki kadhaa utumike nao, uone, wakuone. Ukirudi kaeni mezani wewe, mama, mchungaji, hata mjomba kama yupo, muone karo za mdogo zitatoka wapi mpaka amalize. Wakisema hawawezi kungoja mpaka Januari, ni sasa au kamwe, basi hao usiende nao, tafuta wengine. Na mama yako mwombe msamaha kwa ile siku alinyamaza. Mwanamke aliyekuwa tayari kuuza kitu pekee alichoachiwa na mumewe ili asimzuie Mungu, huyo ndani ya hii habari yote naona ndiye mwenye imani kubwa.

SWALI

Mwalimu, binti yangu yuko mwaka wa pili Makerere, ameniambia ameacha masomo anaingia huduma ya vijana Kampala, Mungu amemwambia. Nimekataa na sasa hatuongei. Je napigana na Mungu?
– Mama wa Kasese

JIBU

Pole sana mama. Kwanza muulize kitu kimoja cha kawaida kabisa, ameacha kabisa au ameomba ruhusa ya kusimamisha mwaka mmoja, ile wanafunzi wanaita dead year? Kama bado hajaandika barua chuoni mwombe aiandike ili nafasi yake isipotee, hilo halimpunguzii Mungu kitu.

Wengine Mungu huwaita katikati ya safari, hilo siwezi kulificha. Janani Luwum, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Anglikana Uganda, alikuwa mwalimu wa shule, akaokoka 1948, mwaka uliofuata tayari yuko chuo cha theolojia Buwalasi, na nchi nzima inajua alivyosimama mbele ya Amin mpaka akauawa tarehe 16 Februari 1977. Ila Luwum ualimu alikuwa ameumaliza kusomea, na aliingia chuoni kufundishwa na kupimwa miaka. Binti yako anafundishwa na nani? Nenda Kampala ukamwone huyo mchungaji uso kwa uso, kaa kwenye ibada yao, kula nao. Wakikupokea kama mama, sikiliza. Wakianza kumficha au kumwambia asiongee na wewe, hiyo ni hatari na uite ndugu zako. Na wewe mpigie simu leo, usingoje apige yeye, hata kama ni kuuliza tu amekula nini.

SWALI

Naongoza sifa, nafundisha watoto, Ijumaa mkesha, Jumamosi mazoezi, na niko shule ya unesi Mbale. Nimechoka mpaka siombi tena. Kuchoka ni dhambi?
– Dada aliyechoka

JIBU

Hapana dada yangu, siyo dhambi. Eliya alilala chini ya mti akaomba afe, na malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena mkate (1 Wafalme 19). Mwambie mchungaji wako wiki hii, siyo mwezi ujao, kwamba mkesha unauacha mpaka mitihani ipite na watoto atafute mwenzako wa kupokezana naye. Sifa baki nazo kama zinakupa furaha. Ijumaa hii ulale.