Kwa wadogo wanaoanza kuchunguza Elisabethville ya zamani

Wadogo zangu mnaotafuta somo la TFC, kazi yenu ya mwisho wa masomo, juu ya ukoloni hapa Lubumbashi, Elisabethville ya zamani, kabla ya kufungua kitabu vaeni viatu vya kutembelea. Anzieni katikati ya "vile" (ville), mji wa Wazungu wa zamani, pale barabara zimekatwa wima kama mistari ya daftari, mshuke mpaka Kamalondo, mtaa wa Weusi. Zamani njia hiyo ilikatiza ardhi tupu, upana wake takriban mita 700. Watawala wa Kibelgiji walidai ni ya kuzuia mbu wa malaria asiruke kutoka kwa Mweusi mpaka kwa Mzungu. Lakini maboi na wapishi walikuwa wanaivuka kila asubuhi! Mbu, inaonekana, hakuhesabu watumishi.

Shikeni pia mpangilio wa mambo. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, ilianzishwa 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika 1910, na mwaka huohuo mji ukaanza. Reli iliingia kutoka kusini na shaba ikatoka nje kwa njia hiyohiyo.

Mimi nilianza vibaya. Nilikwenda mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa mzee mmoja mstaafu wa kampuni, na maswali yangu yametafsiriwa kutoka Kifaransa cha darasani. Nikamuuliza: "Ukoloni ulileta athari gani?" Akajibu, "Mingi," akaendelea na chai yake. Nimeshasimama kuaga, nikauliza tu: "Papa, posho mulikuwaga munaipata siku gani?" Akanirudisha kwenye kiti. Unga, samaki wakavu, karanga, mafuta ya ngazi (mawese), na nani alikuwa anapima, na kapita (msimamizi) gani alikuwa anaiba. Kisha akataja namba yake ya matrikule, ile ya kuandikishwa kazini, tarakimu moja moja, bila kusita. Mwaka wa ndoa yake alikuwa ameusahau. Mama, mke wake, alicheka mpaka akakaa chini.

Kosa ambalo maprofesa hawasamehi ni kuchanganya sité na kambi. Sité, mtaa wa Weusi kama Kamalondo, ilikuwa chini ya Serikali. Kambi ilikuwa ya kampuni: nyumba yake, shule yake, hospitali yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona afadhali mfanyakazi akae na mke na watoto kuliko kutafuta watu wapya kila mara. Wengi waliletwa kutoka mbali: Kasai, Maniema, Rwanda-Urundi. Hapo ndipo somo lenu linapogusa nchi ya leo. Wajukuu wa watu walioletwa na kampuni ndio walioambiwa baadaye kwamba ni wakuja. Katanga, jimbo letu la wakati huo, ilijitenga na Kongo Julai 1960. Mwaka 1992 na 1993 familia za Kikasai zilifukuzwa, zikalala katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Kidonda hicho hakijapona. Msimuulize mtu kabila siku ya kwanza, wala msitoe simu kurekodi. Ulizeni wazazi wake walifika kwa treni ya wapi.

Karatasi nyingi za Union Minière ziko Brussels, kwa hiyo msingoje viza ndipo muanze. Wazee hawangoji.

Namba ya yule mzee niliiandika pembeni ya ukurasa, kama mchezo tu. Miezi kadhaa baadaye niliomba kuona faili lake katika ofisi moja. Nikaanza kutaja jina, postnomu (jina la pili) na kijiji. Karani akaninyooshea mkono ninyamaze: "Matrikule?"