Mgonjwa Aliyetulia Mpaka Akapona

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, mtoto wa chekechea apunguziwe muda wa kucheza ili aandaliwe vizuri kwa darasa la kwanza?" Mimi nasema asipunguziwe. Nimefundisha watoto wa umri huo miaka mingi, na kila mwaka hakosi mzazi wa kuniuliza, "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu halina kitu?"

Nilikuwa na mvulana wa miaka mitano ambaye kukaa kitako dakika mbili kulikuwa mtihani. Ukimwambia atulie, ndiyo kwanza anainuka. Siku moja wenzake walicheza hospitali, yeye wakamfanya mgonjwa. Akalala kimya, macho kayafumba. Akachomwa sindano za vijiti, akafungwa kitambaa mguuni, wala hakutikisika mpaka daktari alipotangaza kwamba amepona. Hakuna mtu mzima aliyemwamuru. Alijizuia mwenyewe, maana angeinuka mchezo ungeharibika.

Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alilieleza jambo hili katika mhadhara wa mwaka 1933: mchezoni mtoto hufuata sharti kwa hiari yake, kwa sababu sharti lenyewe ndilo linalomletea raha. Baadaye, mwaka 1948, mtafiti wa Kisovieti Z. V. Manuilenko alichapisha matokeo ya jaribio lake: watoto walioambiwa tu wasimame wima walichoka upesi, lakini walipopewa kazi ya mlinzi ndani ya mchezo walisimama muda mrefu zaidi.

Huko ndiko kujiandaa kwa shule ninakokujua mimi. Herufi zitafundishwa darasa la kwanza, lakini mtoto asiyeweza kungoja zamu, kushika maelekezo mawili kwa pamoja, au kushindwa bila kususa, atazipata kwa taabu. Na lugha je? Wasikilizeni kabla mchezo haujaanza: "Wewe utakuwa mama, mimi nitakuwa nimesafiri, halafu mtoto ataugua." Wakati mwingine mapatano hayo huchukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Hapo wanapanga kisa, wanabishana, wanashawishiana. Sijui somo la ubaoni linaloweza kuwatoa maneno mengi kiasi hicho.

Sisemi mwalimu akae pembeni akunje mikono, wala sisemi herufi zisiguswe. Katika hospitali ile niliweka karatasi na penseli, basi. Daktari akaanza kuandika dawa: mistari iliyopindapinda, kurasa kwa kurasa. Siku ya tatu akanijia, amekunja uso. Muuguzi alikuwa amekataa kutoa dawa kwa kuwa maandishi hayasomeki.

"Mwalimu, 'dawa' inaanzaje?"

Nikachuchumaa kando ya mgonjwa, nikamwandikia d.